Caleb Downs simwazii, namwazia Igbinosun

Agosti 2025 imefika, na hapa Columbus, Marekani, huwezi kukaa kwa kinyozi usisikie habari za Ohio State, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani. Kila kiti kinamsifu Caleb Downs. Mimi huyo simwazii. Kocha wake wa Alabama, Nick Saban, alipostaafu mwanzoni mwa 2024, kijana akahama chuo hicho akaja hapa, na Januari 20 mwaka huu akatwaa ubingwa wa vyuo: 34-23 dhidi ya Notre Dame. Kwa nyie wa nyumbani mliozoea soka, huyu ni beki wa mwisho, msafishaji wa makosa ya wenzake. Mtazameni kabla mpira haujaanza. Anasogea mbele kama anayetaka kumvamia kwotabeki, yule mrusha pasi, kisha mpira unapotoka yuko nyuma kabisa, anasubiri pasi.

Tatizo, wenzake wameondoka. Aprili hii NFL, ligi ya kulipwa, katika uchaguzi wake wa wachezaji wapya imemchukua Lathan Ransom raundi ya 4, Jordan Hancock na Denzel Burke raundi ya 5. Hata Jim Knowles, aliyekuwa akiupanga ulinzi wote, kahamia Penn State, na kiti chake kakikalia Matt Patricia, yule wa New England, timu ya NFL, zamani.

Kwa hiyo beki mkongwe wa pembeni sasa ni Davison Igbinosun. Ana urefu, ana mbio, na ana ule ubishi wa beki ninaoupenda. Lakini mikono yake! Msimu uliopita nilifika mahali pasi ikienda upande wake naangalia kwanza nyasi, kama pana kitambaa cha njano, ambacho mwamuzi hutupa akiona kosa.

Jirani yangu humtetea kwa hesabu: kwenye mpira wa vyuo, kumzuia mpokeaji kabla pasi haijafika hakugharimu zaidi ya yadi 15, tofauti na NFL ambako mpira unapelekwa hadi pale kosa lilipotendeka. Basi ukiachwa, mvute tu, bora kulipa 15 kuliko bao. Sawa, nakubali, ukiachwa. Igbinosun huvuta jezi wakati hajaachwa! Yuko bega kwa bega na mtu wake, pasi yenyewe mbovu, jaribio la 3, likishindikana kwa kawaida wapinzani wangetoka uwanjani. Vidole vinang'ang'ania jezi, na wanapewa majaribio mapya bure.

Na ulinzi wa Patricia kule New England ulipenda kukaba mtu kwa mtu. Akiuleta huo hapa, Igbinosun atabaki peke yake pembeni mara nyingi zaidi, na Downs hawezi kuwa kila mahali.

Upande wa pili Jermaine Mathews Jr. amesubiri zamu yake vya kutosha, sina neno naye. Pembeni mwa Downs ningemwanzisha Jaylen McClain, ingawa Malik Hartford naye anaitaka nafasi hiyo. Lorenzo Styles Jr. alikuwa mpokeaji kule Notre Dame kabla ya kugeuzwa beki hapa. Mbio anazo, ukabaji wa katikati ndio nataka kuuona.

Agosti 30 Texas wanakuja hapa na kwotabeki wao Arch Manning, saa 6 mchana huku, saa 1 usiku Dar na Nairobi. Nimeshabadilishana zamu kazini. Siku hiyo mpira mtautazama nyie, mimi nitatazama mikono ya Igbinosun, jezi namba 1.