Mafuta ya mimea Kusini: mibono hapana, mabibo labda

Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, chini ya mikorosho ya Newala, Tandahimba na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, pananuka mabibo (matunda ya mkorosho) yaliyochacha. Mkulima anaokota, anakonyoa korosho, bibo analitupa. Maji yake yana sukari ya kutosha kutoa spiriti, na wapika gongo hawakusubiri mtaalamu awaambie. Ndiyo maana, katika mjadala wa kupata nishati kutoka kwenye mimea, hoja ya ethanoli (spiriti ya kuwasha) ya mabibo inaniingia akilini kuliko ile ya mibono (jatrofa), ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta ya mitambo.

Mibono tuliiona Kilwa. Kampuni ya Kiholanzi, BioShape, ilipewa takriban hekta 34,000 za vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe, ikaanza kupanda, kisha ikafilisika. Watetezi walisema mbono unaota hata penye ukame. Unaota, sawa, ila bila maji na mbolea mbegu zake ni za kuhesabu.

Wanaoyapinga mabibo nao wana la kusema. Bibo likianguka halimalizi siku mbili kabla ya kuoza, mashamba yametawanyika, na msimu ni miezi michache. Mtambo utakula nini baada ya hapo? Isitoshe, ethanoli ya kuchanganya na petroli haitakiwi kuwa na maji, na kuyaondoa yote ni gharama. Halafu nani kasema ni taka? Wapo akina mama wanaokamua uraka (kinywaji cha maji ya mabibo) na wanaoanika kochoko (mabibo makavu), wakapata ada na madaftari ya watoto. Kiwanda kikija kununua kwa bei ya taka, kitakuwa kimewanyang'anya.

Maganda ya korosho ni rahisi zaidi: yana mafuta, yanawaka vikali (moshi wake si wa mchezo, tanuri liwe la maana) na tayari yako kiwandani. Tatizo, korosho yetu nyingi inauzwa ghafi kwenda India na Vietnam, na maganda yake humo humo. Tunapakia kuni melini! Bila kubangua hapa, hiyo hoja haina miguu.

Mimi ningeanza na mitambo midogo ya ethanoli ya kupikia, jirani na maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), maana jiko halidai ethanoli kavu kama injini. Kuoza nako kuna jibu: kochoko likikauka vizuri linakaa miezi. Ila kuanika ni kazi ya jua kali na mikono mingi, kwa hiyo mwekezaji atakayekuja Mtwara aulizwe kwanza kilo ya kochoko atainunua shilingi ngapi.