Kitabu cha Shamba

Wessex, kusini mwa Uingereza, mwaka 934. Jamani, nilikuwa nalala vizuri tu kabla Mfalme Æthelstan hajanikumbuka. Sasa nina haidi 5, yaani ardhi ya kulisha kaya 5, tena si ardhi ya desturi kama ya wenzangu. Ni ya kitabu, yaani ya hati ya mfalme! Kitabu chenyewe ngozi moja ya kondoo, ukiikunja inaenea kwapani.

Kilatini kitupu. Padri kaanza kunisomea kwa madaha, mstari wa tatu akakohoa, akaomba maji. Waandishi wa mfalme siku hizi wanachomeka hadi Kigiriki. Kwenye laana tu ndipo hakukwama: atakayeivunja hati hii akaungue na Yuda. Chini kuna misalaba ya mashahidi, maaskofu na vigogo, yote mkono wa mtu mmoja.

Mipaka, nashukuru, ni kwa lugha yetu. "Kutoka mti mkongwe wa miiba hadi pango la mbweha, hadi makaburi ya wapagani." Mti huo shemeji kaukata kuni. Sasa shamba langu linaanzia kwenye kisiki, naye anaapa kile kisiki ni cha mti mwingine.

Ardhi ya desturi ni ya ukoo, humpi mtu baki. Ya kitabu nampa nimtakaye. Basi napendwa! Binamu aliyeninunia tangu Pasaka kaleta jibini. "Kaka, mbona unakohoa?"

Na usidhani kitabu kinakukinga na mfalme. Mengi kasamehe, ila kwenda vitani, kujenga ngome na madaraja, hapana. Jana nimeshinda nabeba magogo ya daraja, kitabu kiko nyumbani kimelala.

Nikiweke wapi sasa? Sighelm, baba yake Eadgifu, mjane wa Mfalme Edward, alikopa pauni 30 kwa Goda, akaweka rehani ardhi ya Cooling, kule Kent. Akalipa, akaenda vitani, akafa. Goda akang'aka: hela gani? Na kitabu anacho yeye! Binti kahangaika miaka, mtoto wa mkubwa yule. Mimi nani?

Watawa wamejitolea kunitunzia. Wema kweli, lakini wao ndio wanaojua kuandika.

Mke wangu akakificha chini ya godoro la majani. Usiku nasikia kitu kinatafuna. Panya! Nikawasha mshumaa: shemeji, anakula jibini la binamu. Kitabu ndiyo sahani.