Marburg ya kwetu, surua ya kwao

Mimi ni wa Bukoba, na mwaka wa sita huu nakaa Marburg, Ujerumani. Ndiyo, mji huohuo ulioupa jina ugonjwa wa Marburg. Machi 2023, ugonjwa usiojulikana ulipoua watu watano Bulinda na Butayaibega, vijiji vya kwetu Bukoba, nilikuwa kituoni nasoma habari za nyumbani kwenye simu, mbele yangu basi limeandikwa MARBURG kwenye kioo.

Mama akapiga. "Usije kwanza, mwanangu. Hapa hata mkono hatupeani." Mhaya asiyetoa mkono! Mlangoni kwake palishawekwa ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Ndoo haikumsumbua. Kilichomkera ni siku zile kabla maabara haijathibitisha, tarehe 21, kuwa ni Marburg, ambapo kila aliyepita alikuwa na lake: huyu anasema sumu, yule anasema wamerogwa. Hadi mwisho walihesabiwa wagonjwa tisa, wakafa sita.

Huku nako mzazi mmoja pale chekechea aliniuliza kama binti yangu amesafiri karibuni, huku akimvuta wa kwake. Sikukasirika. (Nilikasirika.) Nikamweleza kwamba virusi hivyo viligunduliwa hapahapa kwao mwaka 1967, pale watu wa maabara, hapa na Frankfurt na Belgrade, walipoambukizwa na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Wakaugua 31, wakafa 7. Alikuwa hajui.

Baada ya wiki mbili ikabandikwa karatasi mlangoni: kuna surua. Tarehe, dalili, lini mtoto abaki nyumbani. Basi. Yule mzazi akaisoma, akacheka: sisi wote tuliugua utotoni, ni vipele tu.

Hapo ndipo naona tunapotoshana, huku na kwetu. Tunauliza ugonjwa unaua vipi, hatuulizi unafikaje kwako. Marburg inatisha kweli, inaweza kuua nusu ya inaowapata au zaidi, lakini mpaka uguse damu, matapishi au jasho la mgonjwa, au uoshe maiti yake. Surua inakaa hewani hata saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na mgonjwa mmoja huweza kuambukiza 12 hadi 18 wasio na kinga. Mwaka 2023 iliua watu zaidi ya 100,000 duniani, wengi wao watoto. Hapa ilibidi sheria ije, 2020, kudai uthibitisho wa chanjo chekechea. Mama yangu hakulazimishwa na mtu. Alizika mdogo wake kwa surua, sisi akatubeba mgongoni hadi kliniki, kadi mkononi.

Hata hivyo ile karatasi naitamani kwetu. Januari 2025, Biharamulo, mkoani kwetu Kagera, tuliambiwa kwanza vipimo havionyeshi Marburg, halafu tarehe 20 Rais akatangaza ipo. Waliohesabiwa, waliothibitishwa na waliodhaniwa, walikuwa kumi. Wote walikufa. Sidai jina la ugonjwa siku ya kwanza, maabara ina muda wake. Lakini "hatujajua ni nini, msioshe maiti wenyewe" inahitaji kipimo gani?

Nilimpigia picha mama ile karatasi, nikamsomea kwa Kiswahili. Akaisifu. Kisha akauliza mtoto mwenyewe anaendeleaje, ni wa nani.

"Hawaandiki jina, mama. Hakuna anayejua."

Akanyamaza kidogo. "Sasa uji mnampelekea nani?"