Bia chini ya mwembe, watoto wakicheza pembeni

Mtaani kwetu Ipuli, hapa Tabora, kuna kiwanja chenye miembe minne mikubwa. Mwenyewe anataka kukigeuza bustani ya bia: meza chini ya miti, jiko la nyama choma na kuku wa kienyeji, bembea upande wa pili, soda na juisi kwa wasiokunywa. Kwenye mkutano wa mtaa mzee mmoja alisimama akauliza, "Baa na bembea, jamani, wapi na wapi?" Alipigiwa makofi mengi.

Swali lake ni la haki. Mtoto anayemwona baba yake na chupa mezani kila Jumamosi anaweza kukua akiamini kwamba mapumziko bila bia hayajakamilika. Wapo majirani wanaoamka alfajiri kuswali, na wapo wanafunzi wanaojiandaa na mitihani. Tena Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18, na haitaki mtoto aingizwe baa. Hoja hiyo ya sheria siwezi kuikwepa, nitairudia.

Lakini makofi yale yalinisumbua, kwa sababu yalidhani kwamba tukiikataa bustani tumeikataa pombe. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2018, lilikadiria kwamba mwaka 2016 kila Mtanzania wa miaka 15 na kuendelea alikunywa wastani wa lita 9.4 za kileo halisi, yaani kileo chenyewe kikishatolewa maji. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 tu za kileo hicho. Piga hesabu: ni chupa 376 kwa mwaka, zaidi ya moja kila siku, kwa kila mtu mzima. Na katika wastani huo wamo bibi zetu wasioonja kabisa, wamo Waislamu na walokole wasiogusa. Toa hao, uone anayekunywa anabeba mzigo kiasi gani.

Halafu jiulize kileo hicho kinanywewa wapi. Sehemu kubwa si bia ya kiwandani. Ni pombe za kienyeji, na kwetu huku kwenye asali nyingi wanzuki haikosekani. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini gongo haijawahi kuwa halali na bado inapatikana. Mwanamume anatoka kibaruani na ujira wake mfukoni, anaingia kilabuni tumbo tupu, hakuna sahani mezani, hakuna anayemsubiri pale. Mkewe atajua pesa imekwenda wapi ikishakwisha. Watoto watamwona baba yao usiku, akiwa hajiwezi. Hao nao wanajifunza pombe, na wanajifunza sura yake mbaya kuliko zote.

Mwanamume huyohuyo mkalishe chini ya mwembe saa kumi na moja jioni, mkewe upande huu, mama mkwe upande ule, mtoto anamvuta shati anataka mshikaki mwingine. Atakunywa mbili. Chakula tumboni kinachelewesha kileo kuingia kwenye damu, hilo ni suala la mwili tu. Lakini zaidi ya chakula kuna macho ya watu anaowaheshimu. Aibu mbele ya wakwe imewazuia wengi ambao mahubiri hayakuwazuia.

Bustani za namna hii zilianzia Bavaria, Ujerumani. Watengeneza bia wa Munich walihifadhi mapipa yao chini ya ardhi, wakapanda miti ya kivuli juu ili pabaki na ubaridi, na watu wakazoea kwenda kunywea hapohapo. Mwaka 1812 mfalme aliwaruhusu kuuza bia lakini akawakataza kuuza chakula zaidi ya mkate, kwa hiyo watu walikuja na vyakula vyao kutoka nyumbani. Hata huko majirani walilalamikia kelele: mwaka 1995 bustani moja iliamriwa kufunga mapema usiku, na maelfu wakaandamana kuitetea. Kanuni ya 1999 ilikata shauri: muziki unazimwa saa nne usiku, na saa tano watu wawe wameondoka. Ndiyo maana ninaamini kelele ni jambo la masharti, wala si sababu ya kukataa kila kitu. Kwetu hata saa nne naiona imechelewa.

Nirudi kwenye sheria. Mahali hapo pawe kwanza pa chakula, kaunta ya bia itengwe kwa ukuta na mlango wake, na mtoto asikanyage kule wala asitumwe kuchukua chupa. Desturi ya kumtuma mtoto bia tunayo hata majumbani, na inaniumiza kila nikiiona. Mwenye kiwanja akikataa ukuta huo, basi mzee yule yuko sahihi na mimi nitakaa upande wake. Akiukubali, akaandika kwa serikali ya mtaa kwamba spika zinazimwa saa tatu na hapauzwi pombe kali, mkutano ukiitwa tena nitanyoosha mkono kuunga mkono, na nitamwomba mzee aje na wajukuu zake Jumamosi ya kwanza, tule kuku, anywe soda yake.