Chuo kikifungwa, pointi za mwanafunzi zinabaki kwa nani?

Hapa Lubumbashi, ukitaja kampuni yenye vyuo vikuu katika nchi kadhaa, jibu la kwanza ni lile lile: hao wanakuja kuuza diploma. Hofu hiyo ina msingi na nitaieleza. Ila naona tunakosea mahali pa kulinganisha. Tunaweka kampuni upande mmoja na chuo kikuu cha serikali cha hapa mjini, UNILU, kilichoko Kasapa, upande wa pili, wakati mzazi wa Katuba au Ruashi anayekimbia migomo na msongamano wa Kasapa mara nyingi haendi kwenye kampuni. Anaishia kwenye taasisi ya promota mmoja, yaani mtu binafsi aliyeianzisha na kuimiliki, ndani ya jengo la kupanga, ambako mkuu wa chuo, mtunza fedha na mwenye mali ni watu wa nyumba moja. Hicho ndicho cha kuwekwa kwenye mizani.

Chukua Honoris United Universities, kundi lililoanzishwa mwaka 2017 na Actis, kampuni ya uwekezaji ya London. Ndani yake mna MANCOSA ya Durban, Mundiapolis ya Casablanca, Université Centrale ya Tunis na Nile University ya Abuja. Kila chuo kimebaki na jina lake na lugha yake ya kufundishia. Mtaji na usimamizi wa juu ndivyo vya pamoja.

Wapinzani wanasema mwekezaji wa namna hiyo huingia akijua kwamba siku moja atauza na kutoka. Ni kweli, na hata Actis yenyewe iliingia chini ya General Atlantic ya Marekani mwaka 2024. Wanasema pia kwamba biashara hupenda masomo ya bei nafuu: menejimenti, sheria, informatiki. Mji unaoishi kwa shaba na kobalti unahitaji wanajiolojia na wahandisi wa madini, na maabara zao hazirudishi faida haraka. Tena vyuo vya binafsi huazima maprofesa wa UNILU, mwalimu yule yule akikimbia kutoka ukumbi hadi ukumbi, bila kuandaa walimu wao wenyewe wenye shahada ya udaktari. Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na sijasikia jibu lake la kuridhisha kutoka kwa mtetezi yeyote wa vyuo vya binafsi.

Lakini lile neno “biashara” halitenganishi sana. Kwenye vyuo vya serikali pia mwanafunzi analipa, na sehemu ya anacholipa inakwenda kwenye primu (malipo ya nyongeza) za walimu kwa sababu mshahara wa serikali hautoshi. Familia inatoa pesa huku na huku. Kinachopaswa kutuumiza kichwa ni nani anawajibika mambo yanapoharibika.

Na huku kwetu yanaharibika. Wizara ya elimu ya juu imewahi, zaidi ya mara moja, kutoa amri ya kufunga taasisi zilizoonekana hazistahili kuendelea, na mara nyingi ilikuwa na haki. Ila amri inamshughulikia promota. Mwanafunzi wa mwaka wa pili inamwacha njiani. Relevé zake, yaani karatasi za pointi alizopata kwenye mitihani, ziko kwenye kabati la ofisi iliyofungwa, au kwenye kompyuta ya sekretari ambaye hajalipwa na hana sababu ya kurudi kazini. Anakwenda kuomba kuendelea kwingine, anaambiwa alete pointi. Pointi hana. Anaanza upya, kama nyumbani bado kuna pesa. Kama hakuna, masomo yanaishia hapo. Jambo hili limezidi uzito tangu mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) ulipoanza kutumika kwa mwaka wa masomo wa 2021-2022, kwa kuwa sasa safari nzima ya mwanafunzi inahesabiwa kwa krediti, yaani vipimo vya masomo aliyofaulu, muhula kwa muhula. Krediti isiyo na karatasi haihamishiki.

Hapa kundi lina faida ambayo mtu mmoja hawezi kuwa nayo. Mwaka 2013 kampuni ya Marekani, Laureate, ilinunua hisa nyingi za Monash South Africa, karibu na Johannesburg. Miaka michache baadaye ikaamua kuuza vyuo vyake vingi duniani. Mwaka 2019 kampasi ile ikachukuliwa na ADvTECH, kundi la Afrika Kusini lenyewe, ikaitwa IIE MSA. Jina lilibadilika, mwenye mali alibadilika, masomo yakaendelea pale pale. Mwekezaji alitoka kweli, kama wapinzani wanavyoonya, ila alikuwa na kitu cha kuuza, na mnunuzi alihitaji wanafunzi na rekodi zao. Promota wetu wa jengo la kupanga akishindwa, hakuna wa kununua.

Ukubwa peke yake si kinga, nakubali. Corinthian Colleges ya Marekani ilifunga kampasi zake 28 za mwisho mwezi Aprili 2015, na wanafunzi wapatao 16,000 wakabaki nje. Mwaka 2022 serikali ya huko ikafuta madeni ya watu 560,000 waliowahi kusoma kwenye vyuo vya kundi hilo, jumla ya dola bilioni 5.8. Nani Kinshasa angelipa hata sehemu ndogo ya hapo?

Isitoshe, wazo la vyuo vingi chini ya paa moja si geni kwetu. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, na kuhamishia kitivo cha fasihi hapa Lubumbashi. Mwaka 1981 ikavitenganisha tena. Kilichokosewa wakati ule ni kuamuru kila kitu kutoka Kinshasa.

Kwa hiyo kundi la namna hii likibisha hodi hapa mjini, mimi ningelifungulia, kwa masharti yanayowahusu wote, promota wa mitaa yetu ya Kenya na Kampemba akiwemo. Nakala ya pointi za kila muhula iwekwe nje ya chuo, wizarani au UNILU, kabla ya muhula unaofuata kuanza. Na pesa za kuwamalizia masomo wanafunzi walioandikishwa ziwekwe benki kwenye akaunti ambayo mwenye chuo hawezi kuigusa peke yake. Asiyeweza kutimiza haya mawili asipewe kibali cha kupokea mwaka wa kwanza.