Skrini ilisema 82, risiti ikasema 64

Msimu uliopita niliandika programu ya kupokelea korosho kwa chama kimoja cha msingi huku Newala. Niliifanya ya kukaa kwenye kompyuta yenyewe, si ya kufungulia kwenye kivinjari, maana siku mtandao ukikata, foleni ya magunia haikati.

Wiki mbili nzima nilihangaika na mwonekano tu: rangi, herufi, vitufe vya kona za mviringo. Karani akaupenda. Siku ya tatu ya kupokea, bibi mmoja akarudi dirishani na risiti yake.

"Mjukuu wangu, mzani umesema themanini na mbili. Mbona hapa mmeniandikia sitini na nne?"

64 zilikuwa kilo za aliyemtangulia.

Kosa lilikuwa langu, tena dogo la kuudhi. Fremuweki niliyotumia, yaani kiunzi cha kujengea programu, huipeleka namba kwenye data pale tu mtu anapotoka kwenye kisanduku kimoja cha kuandikia na kuingia kingine. Karani wetu hana muda huo: anaandika 82, anabonyeza Enter, risiti inatoka. Na mimi fomu nilikuwa nimeiacha ibaki na taarifa za mkulima aliyepita, ili karani asirudie kuandika ghala na daraja. Kwa hiyo machoni ni 82, ndani bado ni 64.

Tangu hapo nimeanza kuunda fremuweki yangu ndogo, usiku, umeme ukiwepo. Na nina msimamo ambao waandishi wenzangu wa programu hawaupendi: mitindo ya mwonekano tunaipa heshima isiyo yake. CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za wavuti, ilishaonyesha njia tangu 1996. Kanuni za mwonekano zikae mahali pamoja, mbali na kazi yenyewe. Ukitaka tarakimu za uzito ziwe kubwa ili karani mwenye miwani azione jua likiwaka, unagusa mstari mmoja. Basi, imeisha hiyo.

Kinachouma ni uzi unaounganisha kisanduku na data. Trygve Reenskaug, mtaalamu wa kompyuta kutoka Norwei, alipobuni utaratibu wa kutenganisha modeli (data ya ndani) na mwonekano akiwa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, mwaka 1979, alitaka picha iliyo kichwani mwa mtumiaji na ile iliyo ndani ya kompyuta zikutane. Kwenye risiti ya bibi zilipishana kwa kilo 18.

Utaniambia: peleka thamani kila herufi inapobonyezwa. Nilijaribu. Karani anaandika 82.5. Akifika kwenye nukta, programu inasoma "82.", inaona hiyo ni 82 tu, inairudisha 82 kwenye kisanduku na nukta imeshaliwa. Akimalizia 5, anapata 825. Gunia la kilo 825, labda limejazwa mawe ya reli!

Kwenye fremuweki yangu, kisanduku kinashika vitu viwili: maandishi kama yalivyoandikwa, na namba iliyokwisha kuhakikiwa. Amri yoyote ya kuhifadhi au kuchapa lazima kwanza ipite kisanduku kwa kisanduku ikidai kilichomo. Kimoja kisiposomeka, risiti haitoki. Na nikikosea jina la data ninapoandika programu, programu igome kuwaka kabisa. Kuna fremuweki ambazo kosa la namna hiyo hukuachia nafasi tupu kwenye skrini, kimya, uje kuligundua Oktoba magunia yameshajaa uwanjani. Ukimya wa aina hiyo kwangu ni mbaya kuliko programu kuzima.

Yule bibi tulimwandikia risiti nyingine kwa kalamu, ikagongwa muhuri. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Siku hizi kila nikimaliza toleo jipya, jaribio la kwanza ni lile lile: naandika 64, Enter, naandika 82, Enter, mkono haugusi kipanya. Halafu nainua karatasi kutoka kwenye printa.