Kimya, Hiyo Nayo ni Sanaa

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hana timu ya mpira wala chama cha siasa. Ana The Wire. Ukitaka kumwona anasimama na sahani mkononi, mtajie tu kwamba tamthilia ile ilirushwa kuanzia 2002 hadi 2008, sehemu 60 nzima, na haikuambulia hata tuzo moja ya Emmy, zile tuzo kubwa za televisheni za Marekani. Atakufokea kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa mwenyekiti wa waamuzi. Niliwahi kumwonyesha mahojiano ya Idris Elba, aliyeigiza humo kama Stringer Bell, Mmarekani wa Baltimore, akizungumza Kiingereza cha kwao London. Shemeji akasikiliza, akatabasamu kwa huruma, akaniambia hapo ndipo anapoigiza.

Mtu wa namna hiyo ukikaa naye nyumba moja, nyumba inapata katiba. Kwa mfano, HBO, kituo cha Marekani kilichorusha The Wire, hulipwa na watazamaji wake, haitegemei matangazo ya sabuni, kwa hiyo tamthilia zake hazikatwi katikati. Kutokana na ukweli huo, Shemeji alipitisha sheria kwamba hakuna kwenda chooni. "Mtunzi hakukuwekea nafasi," anasema, "wewe umeitoa wapi?" Sheria nyingine ni ya simu: zote zinaingia kwenye beseni, beseni linapanda juu ya kabati, kwa sababu ulimwengu umejaa watu wa kumwaga mtama.

Kuhusu wenzake wakereketwa wa Marekani ana msimamo mkali. Kule Albuquerque ipo nyumba iliyotumika kama kwa Walter White, mhusika mkuu wa tamthilia ya Breaking Bad, na mashabiki walikuwa wakienda kurusha piza juu ya paa lake, kama alivyofanya yeye, mpaka mtunzi Vince Gilligan akawaomba hadharani waache, na wenye nyumba hatimaye wakajenga uzio. Shemeji aliwalaani sana watu wale. Alipomaliza kuwalaani alitoka nje, akalitazama paa letu kwa muda ambao sikuupenda.

Lakini kilichotuponza siku hiyo ninayotaka kuisimulia ni giza.

Tarehe 28 Aprili 2019 tamthilia ya Game of Thrones ilionyesha vita kuu ya Winterfell, na vita yenyewe ikapiganwa gizani. Shemeji alipoitazama hakuona panga, hakuona zimwi, aliona kivuli cha kichwa chake mwenyewe kwenye kioo cha televisheni. Akafuta kioo. Akaongeza mwanga. Akaipangusa vumbi na rimoti. Kelele zikaenea dunia nzima, watu wakilalamika hawajaona kitu, na mpiga picha mkuu wa sehemu ile akajitetea kwamba watu wengi hawajui kurekebisha televisheni zao. Yale maneno yalimchoma Shemeji kuliko mkuki. Kuanzia hapo alitubu na kuokoka: giza ni sanaa, na anayegusa rimoti gizani ni mshamba.

Sasa ndipo kituo kimoja kikaanza kuirudia tangu mwanzo The Sopranos, tamthilia ya David Chase kuhusu bosi wa mafia, Tony Soprano, na familia yake. Sehemu 86. Shemeji alikuwa ameihifadhi hiyo miaka yote, anasema mtu hali nyama yote siku moja. Ndiyo tamthilia ya kwanza ya kebo kushinda Emmy ya tamthilia bora, mwaka 2004, na yeye alikuwa anajua kila kitu kuihusu isipokuwa kinachotokea ndani yake. Kwa mwisho wake alijua jambo moja tu, nalo alilijua kwa dhuluma. Kinyozi wake alimwambia, wembe ukiwa kichwani, kwamba inaishia skrini nyeusi. Shemeji alitaka kuinuka aondoke, lakini nusu ya kichwa ilikuwa bado.

Jambo lenyewe ni la kweli. Sehemu ya mwisho iliporushwa tarehe 10 Juni 2007, picha ilikatika ghafla katikati ya tendo, muziki ukakatika nao, ukafuata weusi mtupu wa sekunde kama 10, halafu majina yakapita bila sauti. Watu wengi Marekani walidhani kebo imekatika. Waliruka, wakapiga ving'amuzi makofi, wakawatukana mafundi.

"Sisi," Shemeji alituhutubia jioni tulipofikia sehemu ya mwisho, "ujinga huo hatuufanyi. Picha ikikatika, mtu asitikisike. Asiguse waya. Asiguse rimoti. Tunaupokea mwisho kama watu wenye akili."

Tukaapa. Taa zote za nyumba zikazimwa ili "pawe na sinema". Simu zikaingia kwenye beseni, ukiondoa kitochi cha mama mkwe, ambacho kilisamehewa kwa sababu hakina intaneti na hakijawahi kumfichulia mtu chochote. Mama mkwe mwenyewe alikaa nasi kidogo. Alimwona Tony Soprano anakula, akauliza, "Huyu mnene bado hawajamfunga?" Shemeji akasema, "Mama, tafadhali." Mama mkwe akajiinukia, akaondoka zake na kitochi chake, huku tukikisikia kinalia kile kilio cha kuomba chaji.

Ile sehemu ya mwisho ina paka. Paka wa manjano aliyeokotwa na kundi la Tony, na kazi yake kubwa ni kukaa chini ya picha ya marehemu Christopher, mmoja wa kundi hilo, na kuikodolea macho. Ukiihamisha picha, naye anahama. Paulie, mtu wa Tony, ambaye ni muuaji lakini anaogopa mikosi, hataki hata kumsikia. Ikafika pale Paulie amebaki peke yake nje ya bucha la Satriale, anaota jua, na paka yule yule yupo pembeni yake. Paulie kimya, paka kimya, jua limewaka.

Pap! Giza.

Shemeji aliinua mkono juu. Sikuuona, lakini nilisikia kiwiko chake kikipita jirani na sikio langu. "Mtu asitikisike," akanong'ona.

Hatukutikisika. Tulikaa gizani, watu wazima wenye familia, tukiitazama televisheni iliyozimika kwa adabu kubwa. Sekunde 10 zikapita, zikapita nyingine. Majina hayakuja. Nikakohoa kidogo kwa nia ya kuuliza, nikapigwa kofi la paja.

"Majina yenyewe kayafuta," Shemeji akasema, sauti inatetemeka. "Jamani. Huyu David Chase ni mtu wa aina gani?"

Binti yetu, ambaye alipaswa kuwa amelala, akasema, "Mjomba, mbona hata ile taa nyekundu ya chini imezimika?"

"Kimya, mama. Hiyo nayo ni sanaa."

Nakiri kwamba kwa dakika moja hivi na mimi niliamini. Giza linashawishi. Mke wangu akauliza kwa upole, "Kwa hiyo, kaka, paka ndiye kashinda?" Basi akawa amefungulia bomba. Shemeji alisimama mbele ya televisheni, kivuli mbele ya kivuli, akatoa mhadhara ambao chuo kikuu kingeulipia. Paka ni roho ya Christopher. Hapana, paka ni dhamiri. Jua ni ukweli, na Paulie amelipa mgongo. Tony hayupo kwenye picha kwa sababu Tony ameshaondoka duniani bila kuonyeshwa, na huo ndio ukubwa wa kazi hii: mhusika mkuu anakufa nje ya skrini, na anayebaki kutoa ushahidi ni paka. "Miaka minane ya tamthilia," akasema, "anakuja kuifunga kwa paka! Nani mwingine angethubutu?" Nilisikia anavuta kamasi. Alikuwa analia kweli.

Kisha akapanda kiti, akashusha beseni. Sheria ilikuwa imekwisha kazi yake, mwisho tumeshauona, hakuna tena cha kufichuliwa. Akaichukua simu yake na kulitumia kundi la WhatsApp la wakereketwa wenzake ujumbe mrefu wa sauti. Kundi hilo alilikimbia siku zote za kuitazama The Sopranos kwa kuogopa mtama kumwagika. Sasa alirejea kama mhitimu. "Ndugu zangu, leo nimemaliza. Naomba niseme neno moja tu. Paka. Nimeona miisho mingi, lakini mwisho wa paka, mimi nimevua kofia."

Uso wake ulimulikwa na simu, kwa hiyo yaliyofuata niliyasoma pale pale usoni kabla hajayasoma kwa sauti.

Wa kwanza aliandika: "Paka gani?"

Shemeji akacheka kidogo. "Kuna watu wanatazama bila kuona," akasema.

Wa pili: "Umeishia kwa paka? Na mkahawani je?"

Hakucheka.

Wa tatu, wa nne na wengine wakaja kwa mkupuo, ile furaha ya watu waliosubiri muda mrefu kuzungumza na mtu. Kwamba yeye anamwonaje yule jamaa wa koti aliyeingia chooni, ndiye muuaji au siye? Kwamba zile pete za vitunguu wanazokula familia ni kama komunyo, au watu wanazidisha? Kwamba Meadow, binti wa Tony, mpaka leo bado anaegesha gari. Kwamba wimbo ule wa bendi ya Journey hawawezi tena kuusikia bila kuangalia mlangoni. Admini, mtu mpole siku zote, akamalizia: "Kaka, kengele ya mlango inalia, Tony anainua uso, ndipo inakatika. Wewe ulikuwa unatazama nini?"

Yaani alimwagiwa mtama wote, gunia zima, na aliyeomba umwagwe ni yeye.

Wakati huo huo mlango wa koridoni ukafunguka, mwanga ukaingia sebuleni, tukagundua kwamba umeme upo na ulikuwepo muda wote. Mama mkwe alisimama mlangoni na kitochi chake, amependeza, anatabasamu.

"Kimejaa sasa," akasema. "Nimekuta hapa ukutani kuna plagi imekaa tu, nikaichomoa. Si mlikuwa mmemaliza? Niliona mmezima taa, nikajua mmelala."

Ile plagi ndiyo iliyobeba ekstensheni. Ekstensheni ndiyo iliyobeba televisheni, king'amuzi, na heshima ya mwanawe wa kiume. Mke wangu alijifunika uso kwa mto wa kochi na mto ukaanza kutikisika. Mimi niliangalia dari. Shemeji hakumwambia mama yake neno. Alikwenda koridoni kwa hatua za mtu anayefuata jeneza, akachomeka. Televisheni ikawaka, king'amuzi kikachukua muda wake, na tulipopata picha, Tony alikuwa ameshamaliza mambo yake yote. Bwana mmoja mwenye furaha alikuwa anatuuzia godoro.

Kituo kiliirudia sehemu ile mwishoni mwa wiki. Safari hii Shemeji hakubahatisha. Plagi ya ukutani aliizungushia selotepu mpaka ikawa kama imevunjika mkono. Kitochi kilichajiwa tangu asubuhi. Mama mkwe alikalishwa kitini, katikati yetu, chini ya ulinzi.

Na tuliiona, jamani. Nami nisiyeapa kwa tamthilia nasema ile meza ya mkahawani imetengenezwa na mtu mkorofi sana. Hakuna kinachotokea, na roho iko juu. Tony anachagua wimbo kwenye mashine ya mezani. Kengele ya mlango inalia, anainua macho: anaingia mwanamke asiyehusika. Inalia tena: Carmela, mkewe. Inalia: yule wa koti, na nyuma yake mtoto wao wa kiume. Pete za vitunguu zinaletwa, kila mmoja anatia moja mdomoni. Nje huko Meadow anarudi nyuma na gari, tairi linagonga ukingo, anatoka, anaanza upya, linagonga tena. Mama mkwe hakuvumilia: "Si akaegeshe kwingine, mtoto huyu!" Hakuna aliyemnyamazisha, maana sote tulikuwa tunataka kusema hivyo hivyo. Jamaa wa koti akaelekea chooni. Meadow akavuka barabara mbio. Kengele ikalia, Tony akainua uso.

Pap! Giza.

Nilichosikia ni kiti kinapinduka. Shemeji aliruka miguu yetu yote kwa mkupuo mmoja, akaugonga mlango kwa bega, akapotelea koridoni, na kelele zake zikatufikia akiwa tayari amepiga magoti kwenye selotepu: "Mama! Mama, rudisha! Rudisha plagi, Mama!"

Majina yakaanza kupita, meupe kwenye weusi, bila sauti, kama yalivyopita 2007. Mama mkwe, kitini palepale, kitochi mkononi, akanigeukia.

"Mkwe wangu," akaniuliza, "nirudishe nini?"